Barua Pepe Inayodai Kukuletea Sasisho la Usalama: Mwongozo Kamili wa Kuitambua, Kuikwepa na Kusafisha Kompyuta Iliyoingiliwa

Tarehe 18 Septemba 2003 barua pepe moja ilianza kumiminika kwenye masanduku ya watu duniani kote. Ilikuwa nadhifu kuliko barua nyingi halali za wakati ule. Ilipambwa kwa rangi na nembo za tovuti ya Microsoft, ikaeleza kwa lugha ya kiofisi kwamba hili ni sasisho la Septemba 2003 linaloziba mianya ya kivinjari cha Internet Explorer na programu za barua pepe za Outlook na Outlook Express, na chini ikamalizia kwa mstari wa hakimiliki. Kiambatisho chake kilikuwa na baiti 106,496. Aliyekifungua aliulizwa na kidirisha kama anataka kuendelea. Akibofya ndiyo, alionyeshwa mstari unaojaa polepole kana kwamba kazi inafanyika. Akibofya hapana, kidirisha kilijifunga, na mnyoo ukajisakinisha kimyakimya.

Mnyoo huo uliitwa Swen. Kirusi cha kawaida hujibandika kwenye faili nyingine na kusubiri mtu aibebe. Mnyoo hausubiri mtu, hujituma wenyewe. Swen ukishaingia ulipekua faili za kompyuta ukaokota kila anwani ya barua pepe uliyoikuta, kisha ukajituma kwa wote hao. Ulijinakili kwenye folda za KaZaA, programu ya kugawana mafaili, ukapenya vyumba vya mazungumzo vya IRC na kompyuta nyingine za mtandao uleule. Ulizima antivairasi. Ulizuia kihariri cha rejista, chombo cha kubadilishia mipangilio ya ndani ya Windows, kisifunguke, ili fundi akose pa kuung'olea. Halafu kikaja kidirisha kingine kikidai kuna hitilafu kwenye barua pepe na kumtaka mwenye kompyuta aandike upya jina, anwani, nywila na seva yake. Mtu aliyeamini kwamba ametoka kusakinisha sasisho aliona ni jambo la kawaida, akajaza.

Hata ambaye hakufungua kitu aliumia. Sanduku la bure la Hotmail wakati huo lilikuwa na nafasi ya megabaiti 2 tu. Kiambatisho cha Swen kikishafungwa kusafirishwa kwa barua pepe huongezeka kwa theluthi moja, kwa hiyo barua kama 14 hivi zilitosha kulijaza sanduku lote na kuzirudisha nyuma barua za kweli.

Linaloniuma zaidi katika habari hii ni hili. Swen ulitumia mwanya wa Internet Explorer uliokiwezesha kiambatisho kujiendesha mara tu barua inaposomwa, bila mtu kukibofya. Kiraka cha kweli cha mwanya huo kilikuwa kimetolewa Machi 2001, miaka miwili na nusu kabla. Aliyekuwa amesasisha kompyuta yake ilibidi kwanza adanganywe ndipo aambukizwe. Ambaye hakusasisha aliambukizwa kwa kutazama tu. Kwa hiyo anayeapa kwamba tangu leo hagusi sasisho lolote, kwa kuogopa matapeli, anajitoa mwenyewe kwao. Kazi ya mwongozo huu ni kukufundisha kuendelea kusasisha bila kupokea sasisho kutoka mkononi mwa mtu yeyote.

Sasisho hufuatwa, haliletwi

Hilo ndilo jambo la kushika kabla ya hatua zote. Sasisho la kweli la Windows, la simu au la programu hupatikana ndani ya mipangilio ya kifaa chenyewe, au kwenye duka la programu ulilolifungua kwa mkono wako. Microsoft haitumi masasisho kama viambatisho vya barua pepe. Haikufanya hivyo mwaka 2003, na haifanyi leo.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haikulazimishi uwe mtaalamu wa kutambua barua feki. Tuseme umepokea barua inayosema kuna kiraka cha dharura. Iache ilivyo, fungua mipangilio, uliza kama kuna sasisho jipya. Kama habari ni ya kweli, utalikuta linakusubiri. Kama ni ya uongo, hutaliona, na hujapoteza kitu. Uzuri wa nembo na ufasaha wa lugha havina nafasi kabisa katika uamuzi huu, na siku hizi ambapo kompyuta zenyewe zinaandika barua fasaha katika lugha nyingi, ule ushauri wa zamani wa kutafuta makosa ya tahajia umepoteza nguvu.

Kanuni ina ukomo wake, na ni haki uujue. Juni 2017 wahalifu waliingia kwenye seva za M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, wakapitisha programu haribifu ya NotPetya ndani ya sasisho halali. Hapo waliosasisha kwa njia sahihi ndio walioumia. Matukio ya namna hiyo ni machache sana yakilinganishwa na barua feki, lakini ndiyo sababu nitasisitiza nakala za akiba huko mbele.

Hatua ya 1: Iandae kompyuta barua haijafika

Anza na majina ya faili. Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha ni faili la aina gani. Faili linaloitwa sasisho.pdf.exe litaonekana kama sasisho.pdf tu. Fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, halafu weka alama kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 alama hiyo iko moja kwa moja ndani ya View. Ni kazi ya sekunde kumi, na ningeomba kila anayesoma haya aifanye sasa hivi kabla ya kuendelea.

Pili, usifanye kazi za kila siku kwenye akaunti yenye mamlaka yote ya kompyuta. Ndani ya Settings, sehemu ya Accounts, tengeneza akaunti ya pili ya aina ya Standard User, na hiyo ndiyo uitumie kusomea barua na kuandikia. Akaunti kuu ibaki ya kusakinishia programu. Siku programu uliyoifungua bila kutarajia makubwa inapokudai nywila ya akaunti kuu, una nafasi ya kusimama na kujiuliza: nimeomba kusakinisha nini mimi?

Tatu ni masasisho yenyewe, na hapa lazima niseme ukweli kuhusu hali yetu. Kompyuta nyingi za mitaani kwetu zina Windows iliyovunjwa, na fundi aliyeiweka mara nyingi amezima masasisho kwa makusudi ili mfumo usije ukagundua kwamba hauna leseni. Nyingine zina Windows halali lakini mwenyewe amezima masasisho kuokoa bando. Mtu wa namna hii anajua moyoni kwamba kompyuta yake imepitwa, na barua inayomletea kiraka mkononi, tena cha kilobaiti chache, inamjia kama msaada. Tapeli anamtegemea mtu huyo. Yeye hahitaji kukutisha sana. Hofu tayari unayo.

Kama una Windows halali, washa masasisho na uyapangie muda wa usiku ambapo bando ni nafuu, au siku uko kwenye waifai ya ofisini. Kwa maabara ya shule au sehemu yenye kompyuta kadhaa, ingia Windows Update, kisha Advanced options, halafu Delivery Optimization, na uruhusu kompyuta za mtandao wa ndani zigawane masasisho. Moja ikishapakua, nyingine zinachukua kwake bila kula intaneti upya, na bili ya data inashuka sana. Kama Windows yako imevunjwa, nunua leseni ukiweza. Usipoweza, weka Linux kama Ubuntu au Mint, ambazo ni za bure na masasisho yake yanakuja bila kuulizwa risiti. Najua kuhama si jambo dogo kwa aliyezoea. Lakini kompyuta iliyofungiwa masasisho kwa miaka haitaokolewa na uangalifu wa mtu peke yake.

Tahadhari nyingine ya wakati huu: Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mamilioni ya watu wanajua kwamba mashine zao zimeachwa. Barua zenye kichwa cha kukuhamisha bure kwenda Windows 11, au kukuongezea muda wa Windows 10, zichukulie zote kuwa ni mtego. Kilicho halali utakikuta ndani ya Windows Update.

Nne, nakala za akiba. Nunua diski ya nje, nakili nyaraka na picha zako kila wiki, kisha uichomoe. Diski inayobaki imechomekwa, faili zake zitafungwa na wahalifu pamoja na za kompyuta siku ya balaa.

Hatua ya 2: Barua imeingia, isome bila kuigusa

Angalia kwanza imekuja lini. Minyoo hii hupenda kusafiri nyuma ya hofu ya kweli. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulikuwa umeangusha kompyuta nyingi kiasi kwamba kila mtu alihimizwa asasishe. Mwezi huohuo Dumaru ukaja na barua yenye anwani ya usalama ya Microsoft ikisema tumieni kiraka hiki mara moja, na mwezi uliofuata ukaja Swen. Machi 2004 toleo moja la mnyoo Sober lilijitangaza kuwa kinga dhidi ya MyDoom, mnyoo uliokuwa umewatia watu wazimu miezi miwili nyuma. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, na muda mfupi baadaye wahalifu walikuwa wanasambaza faili la zip lililoitwa kiraka cha haraka cha CrowdStrike, ndani yake mkiwa na programu ya kuitawala kompyuta yako kutoka mbali. Kwa hiyo siku redio na mitandao vinapozungumzia hitilafu kubwa ya kompyuta, ongeza ukali kwa wiki mbili tatu.

Sasa mtumaji. Jina linaloonekana juu ya barua ni kama jina lililoandikwa nyuma ya bahasha: yeyote anaweza kuandika lolote. Ukitumia Gmail kwenye kompyuta, fungua barua, bofya vidoti vitatu upande wa kulia, chagua Show original. Utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, ambayo ni ukaguzi wa kama barua imetoka kweli kwa anayetajwa. Ikisema FAIL huku barua inadai imetoka kampuni kubwa, futa, huna haja ya kuendelea. Ikisema PASS usishangilie mapema. PASS maana yake ni kwamba barua kweli imetoka kwenye kikoa kilichoandikwa, yaani jina la intaneti linalofuata alama ya @, na tapeli anaweza kununua kikoa chake kinachofanana na cha kampuni kisha akapita ukaguzi wote bila shida.

Viungo visomwe kuanzia kulia. Weka kishale juu ya kiungo bila kubofya, na anwani itatokea chini ya kivinjari. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha soma maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo. Katika microsoft.com.sasisho.example/kiraka, mwenye nyumba ni sasisho.example. Hiyo microsoft.com iliyotangulia ni pazia. Kwa anwani za kwetu zinazoishia .co.tz au .co.ke, soma maneno matatu. Kwenye simu, bonyeza kiungo kwa muda bila kuachia na anwani yake itajitokeza.

Kuna umbo jingine ambalo watu hulisahau. Swen haukuja kama sasisho peke yake. Ulikuja pia kama taarifa kwamba barua uliyotuma imeshindikana kufika, kiambatisho ndiyo hiyo barua yako iliyorudi. Udadisi wa kutaka kujua ni barua ipi uliwatosha watu kufungua. Barua iliyorudi kweli utaikuta ndani ya folda yako ya zilizotumwa. Kama hukutuma kitu, hakuna kilichorudi.

Hatua ya 3: Kiambatisho

Faili lolote linaloishia na .exe, .scr, .pif, .bat, .cmd, .com, .js, .vbs au .lnk ni programu, na programu haifunguliwi kutoka kwenye barua pepe, iwe imetoka kwa bosi au kwa mama mzazi. Ongeza .iso na .img, ambazo ni diski nzima zilizofungwa ndani ya faili moja, na .apk, ambayo ni programu ya Android.

Nyaraka za Word na Excel zinahitaji jicho la pekee. Oktoba 2020 genge la Emotet lilituma nyaraka za Word ambazo ukizifungua unaona ujumbe wa mtindo wa Windows Update, ukisema programu fulani zinahitaji kusasishwa na kwamba ubofye Enable Editing kisha Enable Content. Vitufe hivyo viwili havisasishi kitu. Kile cha pili huruhusu makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya waraka, zianze kufanya kazi. Tangu 2022 Microsoft imeanza kuzizuia makro za nyaraka zilizotoka kwenye intaneti, lakini Office za zamani, na ndizo zilizojaa kwenye ofisi zetu, hazina kizuizi hicho. Waraka unaokuamuru ubofye kitu ndipo uusome, ufunge.

Na faili la zip ambalo nywila yake imeandikwa palepale kwenye barua? Hilo ni kosa la kujifichua. Nywila huzuia wageni wasione kilichomo, na hapa imetolewa kwa kila anayeisoma barua. Anayezuiwa ni mmoja tu, antivairasi ya seva, ambayo haiwezi kulifungua faili ikague. Mnyoo wa Bagle ulitumia ujanja huu mwaka 2004, na haujachakaa.

Ukitaka kupata uhakika kuhusu faili, unaweza kulipakia kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako hupitishwa kwenye antivairasi nyingi kwa pamoja. Usipakie humo waraka wenye siri za wateja au wagonjwa, kwa sababu yaliyopakiwa yanaweza kuonwa na wengine. Na majibu yakija safi yote, hiyo si ruhusa ya kufungua: mnyoo uliotengenezwa asubuhi hii huenda haujulikani na mtu yeyote hadi kesho.

Hatua ya 4: Nenda kaangalie mwenyewe

Kwenye Windows fungua Settings, ingia Windows Update, bofya Check for updates. Kwenye iPhone ni Settings, General, Software Update. Kwenye Android fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha sehemu ya masasisho ya programu. Simu za kampuni tofauti huipa majina tofauti kidogo, ila ukiandika neno sasisho kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Mipangilio utafika. Kwa WhatsApp, M-Pesa, programu ya benki na nyinginezo, fungua Play Store au App Store kwa kubofya alama yake, siyo kwa kiungo ulichotumiwa.

Ukishamaliza, rudi kwenye ile barua, iripoti kama hadaa kwa kitufe cha huduma yako ya barua, kisha uifute. Usiijibu. Usibofye hata kile kiungo cha kujiondoa kwenye orodha.

Hatua ya 5: Umeshaifungua

Jambo la kwanza ni kukata intaneti: chomoa waya, zima waifai, toa modemu. Fanya hivyo hata kabla ya kufikiri. Mnyoo uliokatiwa njia hauwezi kujituma kwa ndugu zako wala kupeleka nywila zako nje. Ukiona faili zinabadilika majina machoni pako, zima kompyuta papo hapo, kwa kushikilia kitufe cha umeme ikibidi.

Usiingize nywila yoyote kwenye kompyuta hiyo tena, kwa sababu yoyote. Kumbuka kile kidirisha cha Swen. Chukua simu au kompyuta nyingine unayoiamini, na ufuate mpangilio huu: anza na nywila ya barua pepe, kwa kuwa aliye na barua yako anaweza kubadilisha nywila za kila kitu kingine. Toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha ingia kwenye mipangilio ya barua ukague vichujio na usambazaji, yaani kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala ya barua zako. Hapa ndipo watu wengi huishia njiani: wanabadilisha nywila na kupumua, kumbe mwizi aliacha bomba linalovujisha barua zote, na nywila mpya haimgusi. Angalia pia namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti kama bado ni zako. Baada ya hapo nenda kwenye benki na mengineyo.

Sasa rudi kwenye kompyuta. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, na uchague ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao, ule ulioandikwa offline. Kompyuta itajizima na kuwaka upya, na ukaguzi utafanyika Windows yenyewe ikiwa haijaamka, kwa dakika kama 15. Hii ni muhimu kwa sababu mnyoo ulioamka pamoja na Windows unaweza kujificha au kumzima mlinzi, kama Swen ulivyofanya. Lugha ya wahenga inautosha: kikulacho ki nguoni mwako.

Kuna dalili ambazo zikionekana sitakushauri upoteze muda kusafisha. Antivairasi inakataa kuwaka. Task Manager haifunguki. Kivinjari kinakataa tovuti za kampuni za usalama lakini kinafungua nyingine zote. Au kompyuta ni ya mhasibu na inashika fedha za watu. Katika hali hizo futa kila kitu na uanze upya. Nakili nyaraka na picha pekee, usinakili programu yoyote wala faili la aina niliyoitaja kwenye hatua ya 3. Kwenye kompyuta nyingine safi, pakua chombo cha Microsoft cha kutengenezea diski ya Windows, tumia flashi isiyopungua gigabaiti 8, kisha sakinisha upya huku ukifuta sehemu zote za diski ya zamani. Fundi akikwambia ana nakala yake ya Windows kwenye flashi, mwambie asante, unataka ya Microsoft.

Kama ni programu ya kufungia faili na kudai fedha, usilipe kabla hujaangalia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Ina funguo za bure za aina nyingi. Kulipa hakukupi hakika ya kurudishiwa kitu.

Hatua ya 6: Waambie watu, na usitumie barua pepe

Ofisi moja niliyoitwa kusafisha kompyuta, mnyoo haukuenea kwa ujanja wake pekee. Barua ya sasisho ilimfikia mama mmoja wa mapokezi kutoka kwenye anwani ya mfanyakazi mwenzake, ambaye kompyuta yake ilikuwa imeshaingiliwa. Naye, kwa moyo wa kuwajali wenzake, akaisambaza kwa wote na neno lake juu: tafadhali wote msakinishe leo. Watu saba walisakinisha kwa sababu ni yeye aliyesema. Aliona aibu sana nilipoeleza, na mimi niliwaomba wasimlaumu, kwa kuwa alichokifanya ni kile ambacho tungetaka kila mfanyakazi afanye na onyo la kweli.

Kwa hiyo taarifa itoke haraka, na ipite njia nyingine: piga simu au tumia WhatsApp. Ujumbe uwe mfupi na usiwe na kiungo wala kiambatisho, usije ukafanana na kile unachokikataza. Mfano:

Habari zenu. Kompyuta yangu imeingiliwa na mnyoo leo mchana. Ukipata barua pepe kutoka kwangu yenye sasisho au faili lolote, usiifungue, ifute. Kama umeshaifungua, kata intaneti kwenye kompyuta yako kisha unipigie.

Kwa taasisi, toa taarifa pia kwa timu ya taifa inayoshughulikia matukio ya usalama wa kompyuta: TZ-CERT iliyo chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kama uko Tanzania, au KE-CIRT/CC iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya. Kenya ina jambo la ziada: kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa binafsi za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, mwenye kuzitunza anatakiwa amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa hata kama ni Ijumaa jioni.

Na ofisi iteue mtu mmoja wa masasisho, ajulikane kwa jina. Barua yoyote ya sasisho inayomfikia mfanyakazi mwingine inakuwa si yake tayari. Anachotakiwa ni kumpigia mtu huyo.

Kwenye simu mambo ni yaleyale

Mnyoo wa FluBot ulitapakaa kwenye simu za Android mwaka 2021 kwa ujumbe mfupi, ukisoma majina kwenye simu ya mtu na kusambaa kwa watu wengine. Watu walipoanza kuujua, baadhi ya jumbe zake ziliwapeleka kwenye ukurasa unaosema simu yako imeambukizwa FluBot, sakinisha sasisho hili la usalama uuondoe. Simu ilikuwa salama. Kuambukizwa kulianza pale mtu alipotii. Mwaka 2022 polisi wa Uholanzi waliuvunja mtandao wake, ila njia ile bado ipo wazi kwa mwingine.

Ulinzi uko ndani ya Mipangilio: tafuta sehemu inayosema kusakinisha programu zisizojulikana, na hakikisha WhatsApp, Chrome, Telegram na kidhibiti faili vyote vimenyimwa ruhusa hiyo. Hapo hata ukibofya APK kwa bahati mbaya simu itakataa. Fungua pia Play Store, bofya picha yako, ingia Play Protect, mkaguzi wa programu wa Google, endesha ukaguzi. Programu yoyote uliyoiweka kwa faili la kutumiwa, ikiomba ruhusa ya huduma za ufikivu, iondoe mara moja. Ruhusa hiyo inaiwezesha kusoma skrini yako na kukubofyia vitufe, pamoja na vya benki. Ikigoma kuondoka, washa simu katika hali salama kisha uiondoe. Ikigoma hata hapo, ondoa laini, hifadhi picha zako, na urudishe simu kwenye hali ya kiwandani.

Siku saba baada ya usafi wote huo, iwe kompyuta au simu, fungua tena mipangilio ya barua pepe yako. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia, vichujio na anwani za usambazaji, moja baada ya nyingine. Kama kuna jina la kifaa usilolitambua, rudi hatua ya 5 uanze na nywila.